Bibi Amesusa Hadithi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada kabla sijaichukia kazi niliyoianza kwa mapenzi. Mimi ni fundi cherehani huku Busi, na tangu mwaka juzi naandika hadithi za Kirangi anazozijua bibi yangu, nataka ziwe kitabu, na kwa kuwa bibi ni mzee sana na kifua kinamsumbua nikajiambia hakuna kupumzika, cherehani nikaisukuma pembeni, asubuhi namrekodi kwenye simu, mchana namrekodi tena, shingo inauma, macho yanawasha, hata akiniambia pole na kazi najibu nimeshapoa bila kuinua kichwa, sasa juzi akaanza hadithi ya fisi, akasubiri niitikie kama tulivyoitikia utotoni, mimi kimya, akarudia, nikamwambia, "Bibi, we endelea tu, simu inasikia." Akaikatisha hadithi hapo hapo. Tangu hapo nikimwomba hadithi anasema amesahau, na aibu yangu ni kwamba nilifurahi, maana nilipata nafasi ya kulala. Nikiacha, hadithi zitapotea. Nikiendelea, sijui kama nitafika. Nifanyeje?

Tabu, Busi, Kondoa

Mama Restuta anajibu:

Marahaba, Tabu. Pole, na mimi usinijibu kuwa umeshapoa, kwa sababu hujapoa hata kidogo. Anayefurahi bibi yake kusahau hadithi si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka vibaya.

Lakini nawe umezidi. Hadithi husimuliwa kazi zimeisha, watu wameshiba, na msikilizaji anaitikia. Wewe umemkalisha mzee wa watu kutwa nzima aongee na simu. Bibi hajasahau kitu, mwanangu. Amesusa, na ana haki.

Kwanza kamwombe radhi, na simu uiache nyumbani. Kisha rudi kwenye cherehani wiki mbili, usiandike hata mstari. Baada ya hapo hadithi moja kwa wiki inatosha, na uitikie kwa sauti. Siku nyingine kaeni mchambue mboga na kuwasema majirani. Kuandika ni asubuhi tu. Ikiadhiniwa adhuhuri, funga daftari ukale.

Najua kinachokukimbiza. Unaogopa atafariki kabla hujamaliza, ila kuliandika hilo umeshindwa, ukaishia kutaja kifua chake. Inawezekana ikawa hivyo. Basi kitabu kitakuwa kifupi. Kiache kiwe kifupi, ilimradi asiondoke akidhani hukuwa unamsikiliza.