Kilimia Ulichokiona Kabla Yangu

Mama yangu mpendwa,

Hatimaye nimekipata Kilimia, kile kishada cha nyota, kwenye picha. Usicheke.

Unakumbuka Ijumaa ile, jua limezama na Sabato imeshaingia, nami na kitambi changu nimechutama nyuma ya migomba? Darubini imeelekea juu, kamera imefungwa mkiani ikijipigia picha yenyewe, na kichwani nimevaa taa nyekundu ili macho yasisahau giza. Mtaalamu mzima! Sikuwaza kwamba kwetu Itumbe anayeinama gizani na moto mwekundu ana jina moja tu.

"Omorogi!" sauti ikatoka kwenye majani chai. "Mchawi huyu hapa!"

Filimbi zikajibizana mlima kwa mlima. Kabla sijasimama vizuri, jirani yetu Mzee Nyakundi alikuwa amenikaba kola, na nyuma yake watu wenye marungu. Nikasikia harufu ya petroli.

"Napiga picha nyota," nikasema. Hata mimi nisingejiamini.

Ndipo ukaja, Biblia kwapani. "Nyakundi, mwachie mtoto."

"Mtoto? Ana mvi!"

"Mvi ni zake. Akili ndiyo bado naisubiri."

Wawili wakacheka. Mkono wa Nyakundi kolani haukulegea.

"Basi angalia wewe," akasema. "Wewe hujawahi kumdanganya hata mnunuzi wa ndizi. Ukiziona hizo nyota, tunaenda nyumbani."

Ukainamia kioo cha kamera. Ukakawia. Mama, ulikawia mno.

"Naziona," ukasema. "Zimekumbatiana kama vifaranga kwenye baridi. Asiyeniamini aje aone."

Nani angekupinga, tena siku ya Sabato? Kola ikaachiliwa. Wakaondoka mmoja mmoja.

Nikakimbilia kioo. Kijivu kitupu, pembe hadi pembe. Wingu lilikuwa limefunika kila kitu.

"Njoo, chai inapoa," ukasema, na hukuligusia tena jambo hilo mpaka tulipokuzika.

Sasa nikitoka na taa yangu nampigia hodi Nyakundi kwanza. Siku hizi huja na kiti chake, na maswali mengi kuliko nyota. Juzi mawingu yalifunguka, nikapata: nyota za samawati, zimebanana. Vifaranga kwenye baridi, mama. Hasa.

Nimeitundika picha juu ya kiti chako. Nyakundi alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Ni vile vile alivyosema," akanong'ona.

Nikamwambia ndiyo. Lala basi, mama. Imeshakuwa kweli.

Mwanao, ambaye akili yake uliisubiri