Mstari Ulioongezwa Jiweni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini kifua kimetulia, na wifi na watoto hawajambo. Mimi ni mzima, ila mikono imepauka kwa kushinda majini.

Uliniuliza hasa nafanya nini huku chuoni. Tunasoma mawe ya Wagiriki wa kale. Tunalaza karatasi iliyolowa juu ya maandishi, tunaigonga kwa brashi mpaka izame ndani ya herufi. Ikikauka tunaibandua na alama zote. Ndivyo tunavyojua watu wale waliomba miungu gani, na kwa shida zipi.

Mwezi uliopita nilipewa jiwe la mtu aliyeshukuru kwa kuponywa macho. Linataja miungu wawili, na profesa wetu ameandika kitabu kizima kwamba wawili hao waliabudiwa pamoja tangu mwanzo. Nilipopapasa herufi nikashtuka. Mistari ya juu imechongwa kwa tindo nyembamba, kwa nafasi nzuri. Wa mwisho, wenye jina la mungu wa pili, umechongwa kwa tindo pana, umebanwa ukingoni kama jina la mke linapoongezwa kwenye kaburi la mumewe. Fundi mwingine, wakati mwingine. Mungu yule alikuja baadaye.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu, kisha nikamwambia. Profesa aliinama na tochi muda mrefu, akakiri kwamba kitabu chake kitabidi kirekebishwe. Akauliza nimejifunzia wapi kusoma tindo.

Kaka, hapa nina jambo la kuungama. Miaka mitatu nimewaambia watu hapa kwamba wewe ni mhandisi. Na siku ile uliponiletea godoro, umejaa vumbi la mawe, wenzangu walipouliza nilisema ni mbeba mizigo tu. Sijui kama ulisikia. Uliniaga ukicheka.

Basi nilimwambia profesa ukweli wote: kaka yangu huchonga majina ya makaburini, ndiye anayenisomesha, na karakana yake ndiyo shule yangu ya kwanza. Hakucheka. Alisema, “Mwandikie aje. Tuna mawe arobaini ya namna hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika tindo.”

Nisamehe, kaka. Ukikubali kuja, nitakupokea mwenyewe, na kabla hujatua mkoba nitawaambia wote wewe ni nani kwangu.

Wifi mwambie sweta aliyonitumia imenienea vizuri. Nangoja jibu lako, hata likiwa la kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku