Sauti ya Baba Haikufutika

Malakia, Juba

Kaka Robinson,

Huku tuko salama. Mvua imeanza, na Mama anauliza kama huko Nairobi unakula vizuri.

Leo nina jambo la kujivunia. Mimi na Fortunato, mwenzangu pale redioni, tulipewa programu mpya ya kusafisha sauti tuijaribu kabla haijatolewa kwa watu. Kompyuta yetu inayotumia mfumo wa Linux ndiyo yenye hadithi zote za Baba, zile nilizomrekodi akiwa mgonjwa.

"Iweke tu, Rejoice," Fortunato akasema. "Unaogopa nini?"

Nikakataa. Kwanza nilinakili rekodi zote kwenye diski ya nje, nikaichomoa. Kisha nikatengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya ile ya kweli, iliyofungiwa isiguse kitu kingine. Humo nikaweka programu na nakala chache. Tulipobofya "hifadhi", ikafuta kila kitu.

Fortunato akashika kichwa. "Mzee ameenda!"

"Hajaenda," nikamwambia. Nikafungua folda halisi, na Baba akaanza kucheka kwenye spika.

Niliwaandikia waliotengeneza programu hiyo. Wamerekebisha kosa, wakanishukuru kwa jina. Sasa hata rekodi za watu wengine hazitapotea.

Najua hukuweza kuja kumzika, nami sikuulizi. Nakutumia rekodi moja tu. Anasema, "Robinson akifika, mpeni kiti changu."

Hakuna aliyekikalia.

Dada yako, anayetembea kwa maringo wiki hii,
Rejoice