Nukta Iliyosimama Mtoni

Mlandege, Machi 2004

Kaka Khalil,

Shikamoo. Kanzu uliyomletea Baba kutoka Maskati imemkaa vizuri, havui.

Shemeji yako Sami, na wazimu wake wa redio za kuzungumza na watu wa mbali, amefunga moja kwenye gari ya Baba. Inatuma habari ya mahali gari ilipo, nasi tunaona nukta ikitembea kwenye ramani ya kompyuta. Baba tulimwambia ni ya kuzuia wezi. Ukweli ni kwamba tangu alipozimia akiendesha, mimi sina usingizi.

Juzi nukta ilisimama Mtoni, ikakataa kusogea. Tukampigia simu, hapokei. Nikatoka na unga mikononi, Sami akaendesha, mimi nasoma dua kwa sauti.

Tukamkuta barazani kwa Bi Rasha, yule mjane anayeshona mapazia, anakula mkate wa kumimina.

"Mwizi mmemwona?" akatuuliza.

Sami akatazama viatu vyake. Bi Rasha akaenda kuongeza vikombe. Baba akafuta mdomo, akasema, "Maadhali mmefika, mimi nnataka kuoa. Nlikuwa sijui nianzie wapi kukwambieni."

Nilitaka kukasirika kwa ajili ya marehemu Mama, Kaka, lakini hasira haikuja. Nilikwenda kuchukua maiti, nikamkuta bwana harusi. Nikakaa, nikala.

Anataka wewe ndiye umpelekee posa. Njoo, maana anasema ukichelewa ataipeleka mwenyewe.

Nduguyo akupendaye,
Basma