Mkono wa Kushoto wa Dirii

Jumatatu, 4 Septemba
Nimepiga wino kurasa nne za toleo jipya la katuni yetu. Wa tano umeharibika. Umeme ulikatika nikichora deraya, lile vazi la chuma la shujaa, na deraya ndiyo kazi yenyewe: kila bati, kila nati. Mume wangu Elia anaandika hadithi, mimi nachora. Ndivyo shujaa wetu Dirii alivyozaliwa, katika chumba hiki cha Ngarenaro nyuma ya duka la mitumba. Jina tulilipata kanisani, kwenye somo la "dirii ya haki kifuani".
Mchana akaja Bwana Materu, mwenye jarida linalotuchapisha. Anagombea ubunge. Akakalia kiti changu bila kuuliza. Simpendi.

Jumatano, 6 Septemba
Materu anataka Dirii mpya. Deraya ing'ae, itoke ng'ambo, iletwe na mwekezaji. Kifuani rangi za chama chake. Na mkono wa kushoto urudi.
Dirii hana mkono wa kushoto. Uliliwa na mtambo wa kumenya kahawa, siku alipozuia mtambo wa ushirika usiuzwe kama chuma chakavu. Hata deraya yake ilitokana na mabati ya kiwanda cha ushirika huo. Wasomaji walilia. Mama yangu, ambaye hasomi katuni, aliuulizia mkono ule mpaka Krismasi.
"Utarudije?" nikamwuliza Materu.
"Kwa teknolojia, dada. Mambo ya ushirika yamekwisha. Sasa ni soko huria."
"Na yule aliyetaka kuuza mtambo?"
"Huyo asitajwe tena."
Materu mwenyewe kanunua kiwanda cha kahawa kule kwetu mlimani. Mashine zote zimeng'olewa.
Elia alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumamosi, 9 Septemba
Elia amekubali. Hakuniambia, nimeambiwa na fundi cherehani. Ameshaandika kwamba kukatika mkono kulikuwa ndoto ya malaria. Ndoto! Nimemwita mwoga. Akasema vyama vingi vimekuja, anayekaa pembeni ataliwa. Nikamwambia aondoke mbele yangu.
Kalamu nimezifunga kwenye khanga. Sichori.

Jumatatu, 25 Septemba
Toleo limetoka. Kalichora mtu wa Moshi. Dirii ana mikono miwili na meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Nati hazishiki kitu, zimetapakaa tu kama chunusi. Nimelisoma lote nimesimama.
Mimi na Elia tunapishana mlangoni kama wapangaji. Kila mtu na sufuria yake. Namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumamosi, 7 Oktoba
Mkutano wa Materu, hapa hapa Ngarenaro. Nilikwenda ili nichukie vizuri.
Jua kali. Dirii akapanda jukwaani: mtu mzima ndani ya mabati yaliyochomelewa, kofia ya chuma imekazwa kwa nati. Materu akamshika mkono wa kushoto, akauinua juu kama kombe.
Mama mmoja muuza ndizi, mbele yangu, akapaza sauti: "Huo mkono umeota lini?"
Kicheko. Wengine wakadakia: "Mkono! Mkono!" Nami nikapiga kelele, pengine kuliko wote. Maganda yakaanza kuruka, halafu mawe. Yakawa yanalia juu ya bati. Materu akakimbilia garini kwake. Dirii akabaki peke yake. Akateremka akiburuta mguu wa kulia, nami nikaacha kupiga kelele.
Mguu ule naujua. Aliuvunja uwanjani, akicheza mpira, kabla hajanioa.
Akaanguka kifudifudi.
Nilisukuma watu. Nikaomba spana kwa fundi baiskeli. Bati lilikuwa linaunguza vidole. Ndani ya kofia nikamsikia: "Nitoe, Ndeshi. Nitoe." Nati moja ilikuwa imechomelewa. Mjinga gani anachomelea nati? Tukaivunja kwa nyundo, naye analia.
Alipotoka akatapikia sketi yangu.

Jumapili, 8 Oktoba
Hospitali. Shingo na bega vimeungua. Anasema Materu alimwambia kwamba hakuna anayemjua Dirii kama yeye, akaona fahari. Anasema alinificha kwa kuwa ningemcheka.
Ni kweli. Na nilicheka.
Nilimwachia uji. Sikukaa.

Jumapili, 5 Novemba
Niko kwa mama, juu ya Makumira. Materu ameshinda. Redio ilipotangaza, mama aliizima, akaendelea kuchambua mahindi. Jarida linaendelea pia. Mtu wa Moshi bado anachora.
Leo baada ya ibada Elia amepanda kuja. Akamwamkia mama shikamoo, akala makande, akasifia migomba. Mama akajitafutia kazi ya zizini ili atuache.
"Tuanze shujaa mwingine," akasema. "Wetu. Asiwe wa Materu."
Nikamwambia sina mtu wa kuanza naye. Hakubisha. Nilitaka abishe.
Nikamsindikiza hadi barabara kuu. Tukazungumzia mvua za vuli, kama zitawahi. Gari likaja. Kola ya shati ilikuwa inamsugua kidonda shingoni. Nikaikunja isiguse. Akapanda.
Nikavuka barabara, nikaanza kupanda mlima taratibu.