Fundo la Kuruvila

Kwa Baba yetu mpendwa, Kuruvila Mathai, wa Ranni na wa Sharjah

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoanguka mlangoni pa nyumba yetu ya ghorofani kule Sharjah, ukienda kazini, mkebe wa chakula mkononi. Mchuzi wa samaki ulimwagika mpaka kwenye ngazi. Mama aliusafisha mwenyewe kabla watu hawajajaa. Aliusafisha kama muuguzi anavyosafisha wodi, kona hadi kona, na hakutoa chozi.

Hatukuandikii ili tukuambie tulivyolia. Ukweli ni kwamba hatukulia sana. Tulipigwa na ganzi, nayo ikatukaa. Tulikwenda kazini, tukarudi, tukapika wali, tukala, na hakuna aliyeweza kusema ulikuwa na chumvi au haukuwa nayo.

Ulikuwa fundi wa viyoyozi, na mtaa mzima ulikujua. Joto lilipopamba moto simu yako haikupumzika. Ukitoka kazini ulipita kwanza kwa yule bibi Mmisri wa chini, kisha kwa vijana wa Kinepali wa chumba cha uani, ukipanda madirishani na bisibisi mdomoni. Malipo yako yalikuwa chai. Mama akilalamika kwamba chakula kimepoa, ulimwambia, "Aleyamma, mtu akilala kwenye joto huamka na ugomvi. Pasha tu, tule."

Lakini zaidi ya viyoyozi, watu walikujua kwa maboksi. Likizo ikiisha tu, boksi jipya liliingia chini ya kitanda chenu, na mwaka mzima ukawa unalilisha: leo tochi, kesho dawa ya kuchua, keshokutwa blanketi, bilauri, manukato ya shangazi. Kila kizuri kilichoingia nyumbani kilikuwa na jibu moja: "Hicho ni cha nyumbani." Sisi tulikunywa chai kwenye vikombe vilivyovunjika mikono. Shaini aliwahi kukuuliza, "Baba, kama nyumbani ni kule, hapa ni wapi? Stendi ya mabasi?" Ulicheka mpaka ukakohoa, ukamjibu kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kikombe kipya hukumpa.

Na siku ya kufunga! Ijumaa, baada ya kanisa, rafiki yako Thankachan akija kulikalia boksi ili lijifunge vizuri. Uliandika jina lako pande zote, na la kijiji, na la posta, kama vile ndege yenyewe ingekuwa na shaka. Kisha ile kamba ya buluu, mizunguko ya urefu, mizunguko ya upana, na mwisho fundo. Hukuruhusu mtu kulitazama fundo likifungwa. Ulitugeuzia mgongo.

Kufungua nako kulikuwa tamasha. Ndugu wote walikaa sakafuni kuzunguka boksi, Bibi Mariamma mbele kwenye kiti chake, nawe ukainama juu ya fundo, ukalipulizia, ukakunja uso, ukatokwa na jasho, ukawafukuza watoto waliosogea. "Rudini nyuma! Fundo la Kuruvila hufunguliwa na Kuruvila peke yake." Tulikua tukiamini hivyo. Hata Mama, muuguzi aliyezoea bendeji za kila namna, aliamini.

Boksi la mwisho ulilifunga Ijumaa. Juma lililofuata ulikufa. Tulikuja nyumbani Ranni, lakini tulikuja na wewe, na boksi likabaki chini ya kitanda. Wewe ulisafiri kwenye sehemu ya mizigo, nasi tukakaa juu, tukaletewa chakula, tukakila. Jina lako lilikuwa limeandikwa kwenye sanduku na mtu mwingine, kwa mwandiko ambao wewe usingeukubali. Tulikuzika mvua ikinyesha, tukarudi Sharjah, maana Shaini alikuwa na mitihani na Mama alikuwa na zamu.

Mwaka mzima Mama alilala juu ya lile boksi. Alifagia kulizunguka. Thankachan alipokuja kutujulia hali alimtania, "Dada, boksi hilo litaota mizizi. Lifungue, angalau mnywe maji kwenye bilauri za heshima."

"Liache," Mama akamwambia. "Limefungwa na Achaya." Hakuwahi kukuita ila kwa jina hilo la heshima.

Ibada ya mwaka, kaburini kwako hapa nyumbani, ilipokaribia, alitupa sharti moja tu. Boksi litakwenda kama ulivyoliacha. Likibaki, naye anabaki, na ibada tutaifanya bila yeye. Alilisema hilo bila ukali, kama mtu anayetaja saa, ndiyo maana tuliogopa.

Kwenye uwanja wa ndege, binti wa kaunta alilitazama boksi, kisha akamtazama Mama.

"Mama yangu, hili halipiti. Kamba hunasa kwenye mkanda wa mizigo. Lazima itolewe." Akanyoosha mkono drooni akatoa mkasi.

"Mwanangu," Mama akasema, "aliyeifunga amekufa. Hatafunga nyingine."

Yule binti aliuweka mkasi mezani taratibu. Lakini sheria ni sheria, na nyuma yetu watu walikuwa wameanza kuguna. Reji akajaribu, "Mama, tutaikata, halafu mimi nitaifunga upya kulekule nyumbani."

"Wewe? Wewe ambaye viatu vyako vyote ni vya kutumbukiza miguu?"

Akakaa chini, Baba. Na sari yake ya kanisani, kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, akalipakata boksi lako na kuanza kulihangaikia fundo. Alijaribu kucha, akajaribu meno. Thankachan, aliyetuleta kwa gari lake, alikuna kichwa akasema mfalme wa mafundo hakuacha mrithi. Safu ya watu ilihamia kaunta nyingine. Tukasikia safari yetu ikitangazwa.

"Nendeni," Mama akasema bila kuinua macho. "Kamsomeeni baba yenu sala. Mimi nitarudi nalo."

Hatukuenda. Tulisimama tu pale, wala hatukujua tunasubiri nini. Tulikuwa tumekwisha kukupoteza wewe, na sasa tulikuwa tunampoteza naye, kwa sababu ya kamba.

Ndipo kidole chake kikagusa kijincha kilichofichwa chini ya mzunguko wa upana. Alikivuta kidogo tu. Fundo likaachia lote kwa mara moja, kama la kamba za viatu, na kamba ikalala sakafuni.

Tulikodoa macho. Mama alishika mdomo. "Mwongo wee!" akasema. "Achaya, mwongo mkubwa wee! Miaka yote hiyo unatutolea jasho!" Akacheka, na yule binti akacheka, na Thankachan akacheka mpaka akashika nguzo. Tulidhani baada ya hapo atalia. Hakulia. Aliikunja kamba kati ya kiganja na kiwiko, kama ulivyokuwa ukifanya, akaitia kwenye mkoba wake. "Lipitishe," akamwambia binti.

Ndege tuliiwahi, na jana jioni hapa nyumbani ndugu walikaa sakafuni kama kawaida. Reji alifungua vifuniko, Mama akagawa. Bibi alipata dawa ya kuchua magoti, shangazi manukato, watoto peremende zilizokwisha kugandana kwa joto la mwaka. Kila mtu alipata chake. Tulitazama mpaka chini kabisa, Baba. Chako hakikuwamo. Tunajiuliza kama katika maboksi yote yale uliwahi kujiwekea hata soksi.

"Na wewe, Aleyamma?" Bibi akauliza. "Mwanangu amekuletea nini?"

Mama akatoa kamba kwenye mkoba, akamsimulia habari ya fundo. Bibi alimsikiliza kwa mshangao.

"Kumbe hamkujua? Hilo ni fundo la mbuzi. Nilimfundisha mimi, alipokuwa mdogo, ili mvua ikinyesha amfungue mbuzi haraka."

Mama akamsogezea kamba. Kisha akasema, "Mama, nifundishe na mimi."

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kaburini, tuliwakuta barazani. Bibi ameshika mguu wa kiti, Mama ameshika kamba. Alifunga likafyatuka, akafunga tena likafyatuka. "Ncha ifiche chini," Bibi alikuwa akimwambia. "Ifiche, usiibane." Na fundo likakubali. Mama alilitazama fundo lako likikaa pale kwenye mguu wa kiti, limefungwa kwa mikono yake, ndipo akalia. Alilia sana, Baba, mwaka mzima kwa pamoja. Bibi alikishikilia kiti, nasi hatukumnyamazisha.

Unakumbukwa na mkeo Aleyamma, mama yako Mariamma, wanao Reji na Shaini, dada zako na watoto wao, rafiki yako Thankachan, na majirani wote wa ghorofa yetu, ambao msimu huu wa joto waliita fundi mwingine wakalala vibaya.

Pumzika nyumbani. Maadamu tuna mzigo wa kufunga, hatutakusahau.