Maneno Ambayo Hukuyahifadhi

Mwaitu,

Mama yangu, Baba yuko sawa. Amejifunza kupika chai, ila anaweka majani mpaka inakuwa chungu kama dawa. Tuliporudi kutoka kukuzika Kitui alinipa simu yako, bado inawaka. Akasema, "Ndunge, wewe ndiye fundi wa simu. Kaa nayo." Nikaenda nayo Kawangware, kwenye kibanda ninakotengenezea simu.

Nilibonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizo wazi. Zote zilikuwa pale ulivyoziacha: redio, picha za wajukuu, na mbele kabisa lile daftari la kuandikia. Hukuwahi kufunga kitu. Jumamosi moja nilipokuwa nikizifuta kwa kidole ulinishika mkono. "Wacha zikae. Nikirudi nitazipata." Nikakueleza kama ninavyowaeleza wateja: simu ina kabati na ina meza. Ulichohifadhi kiko kabatini, hata simu ikizima utakipata. Ulichofungua tu kiko mezani, na meza ni ndogo. Vikija vingine, cha zamani kinaondolewa bila kuulizwa. Ukacheka. "Basi haina makosa. Hata mimi wageni wakijaa nasahau sufuria kwa moto."

Kwenye picha ndogo ya lile daftari niliona jina langu, na mbele yake maneno madogo kama sisimizi. Niliipiga picha kwa simu yangu, nikaikuza, yakawa ukungu. Nilijua hukubonyeza hifadhi. Hukuwa na tabia hiyo. Nilijua pia kwamba picha hiyo hubaki hata kama programu yenyewe iliondolewa mezani zamani, na nikiigusa huenda ikaanza upya, nyeupe. Kwa hivyo sikuigusa.

Mwaitu, niliogopa lingine pia. Nilikuwa nimekosa kuja Jumamosi tatu. Nilikuambia kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba sikuwa na kitu cha kubeba, hata unga, na niliona haya kupita kituo cha Olympic mpaka nyumbani kwenu Kisumu Ndogo na mkono mtupu, majirani wakiniangalia. Nilifikiri umeandika kunilaumu.

Siku kumi na moja niliiacha kwa chaji pale kibandani, isizime. Siku hizo nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji. Sauti za sokoni zilinifikia kutoka mbali, polepole. Watu walipiga simu yako kutupa pole, na kila simu iliyoingia niliona kama inakusukuma ukingoni mwa meza.

Njoro, mwenye kibanda, alinitania. "We Ndunge, hiyo simu unaiatamia? Utatotoa lini?" Halafu akaishika, akapapasa mgongo wake, akaacha utani. "Betri imefura. Lazima itoke leo, itatuchomea kibanda."

Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka juu ya kaunta. Nikaigusa.

Kwanza ilikuja ile picha, ikakua, ikajaa skrini nzima, kama mtu anayefungua macho. Ilikaa labda pumzi moja. Nikasoma.

Ndunge jumamosi usibebe kitu kuja tu

Kisha ikawa nyeupe. Kile kimstari cha kuandikia kikabaki peke yake, kinakuja na kupotea.

Njoro akauliza, "Umepata ulichotafuta?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaizima, akatoa betri, halafu akajifanya anatafuta bisibisi kwenye droo ambayo haina bisibisi.

Sijui uliandika lini, wala kwa nini hukutuma. Labda mtu alibisha hodi. Ningejua, Mwaitu. Ningekuja hata kwa miguu.

Sasa pumzika. Usinisubiri mlangoni tena. Jumamosi nitaenda kwa Baba, na mkono mtupu, nikae naye mpaka jioni, ninywe ile chai yake yote.

Mtoto wako,
Ndunge